Kyasimba Ilipoingia Mjini

Mzee Ésaïe alikata roho Jumanne asubuhi, chai yake ikiwa bado inafuka moshi kwenye kigoda, na kabla jua halijafika utosini vijana waliokuwa wakichimba kaburi lake chini ya migomba walikuwa wameshaamriwa waweke majembe chini. Aliyewaamuru ni polisi wa komini, utawala wa sehemu ile ya mji, kijana aliyefunga buti zake kwa uzi wa katani, na hakuwa mkali hata kidogo. Alianza kwa kutoa pole. Kisha akauliza kama shefu wa selile, yaani mkuu wa kitongoji, yuko, akaambiwa shefu mwenyewe ndiye mfiwa.

"Basi yeye anajua," polisi akasema. "Njo yeye alitusomea ile sheria."

Kambere alikuwa chumbani akimfunga baba yake kidevu kwa kitambaa. Alisikia kila neno kupitia dirisha. Ni kweli alijua. Tangazo lilikuwa bado limebandikwa kwenye mlango wake mwenyewe, limefifia kwa mvua: ndani ya mipaka ya mji wa Butembo hakuna ruhusa ya kuzika maiti kwenye kiwanja cha mtu, maiti zote zipelekwe makaburi ya mji. Alilisoma kwa sauti nje ya kanisa, Jumapili moja baada ya ibada, akalifasiri kwa Kinande kwa ajili ya wazee. Hakuna aliyemuuliza swali siku hiyo. Kyasimba ilikuwa imeingia mjini karibuni tu, na watu walikuwa bado na furaha ya mbuzi waliochinjwa kusherehekea.

Alitoka nje. Vijana walikuwa wamesimama ndani ya shimo lililofika magotini, wakimtazama yeye badala ya kumtazama polisi. Aliwaambia wapumzike. Alisema atakwenda ofisini na jambo litakwisha.

Mama yake, Rébecca, alikuwa ameketi kwenye mkeka pamoja na wanawake waliofika mapema. Hakulia kwa sauti; watu wa kanisa lao hawakupenda makelele ya msiba. Aliuliza tu kwa nini majembe yamenyamaza. Mke wa Kambere, Jokébed, akamjibu kwamba ni mambo ya karatasi.

"Karatasi ya nini?" Rébecca akauliza. "Batu ya hapa balale wapi kama hapana hapa?"

Swali hilo halikuwa la mwanamke aliyechanganyikiwa na huzuni. Ésaïe alitoka Alimbongo akiwa kijana, akafyeka msitu kwenye kilima hicho, akapanda migomba, na watoto wake waliokufa aliwazika humo mmoja mmoja. Hakuwahi kuwa na hati. Katika Kyasimba shamba lilikuwa la mtu kwa sababu watu wake walikuwa wamelala ndani yake, na mwana aliyemzika baba yake mahali pengine alihesabiwa kama mpangaji. Siku mwenye pesa akija na vipimo vyake, angeulizwa: baba yako yuko wapi? Asiyeweza kunyoosha kidole kwenye migomba angehama. Rébecca alilijua hilo, Kambere alilijua, na wanawake wote kwenye mkeka walilijua.

Mmoja wao alikuwa Nadège, jirani wa upande wa juu. Mume wake alifariki mwezi ule ule tangazo lilipobandikwa. Alimlilia Kambere mbele ya watu amruhusu kumzika nyumbani, na Kambere alikataa. Kambere ndiye aliyekodi pikipiki yenye tela, maiti ikapelekwa makaburi ya mji na kufunikwa udongo kati ya watu ambao hakuna aliyewajua. Tangu siku hiyo Nadège alimsalimu Kambere kama kawaida, na hilo ndilo lililomsumbua. Sasa alimwita kwa upole, kama mtu anayeuliza bei sokoni.

"Shefu, bwana yangu balimupa numéro. Nikienda kumutembelea ninatafutaka ile numéro mpaka jua inanichoma. Uliniambia: mama, mji ni mji. Papa Ésaïe naye batamupa numéro?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Kambere alisema ngoja arudi kutoka ofisini, akaingia ndani kuvaa koti.

*

Ofisi ya komini ilikuwa na benchi moja ukutani, na Kambere alikaa juu yake pamoja na mwanamke aliyekuja kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa na mzee mmoja aliyesinzia. Kwa kawaida shefu wa selile hapangi foleni. Siku hiyo karani alimwona, akamsalimu, akaita kwanza mwanamke, kisha mzee, kisha mtu mwingine aliyeingia baadaye akiwa na funguo za gari mkononi.

Aliyeshughulika na viwanja aliitwa Éphraïm, mtu nadhifu, msemaji mzuri, aliyeimba besi katika kwaya ya mjini. Nyuma ya kiti chake palikuwa na karatasi kubwa iliyoandikwa kwa kalamu nene. Iliorodhesha miji ya jimbo kwa wingi wa watu. Goma ilikuwa juu, lakini mtu alikuwa ameipigia mstari wa penseli, kwa sababu ilikuwa mikononi mwa waasi. Chini yake Butembo, kisha Beni, kisha Oicha na Kasindi kwa herufi ndogo. Idadi ya Butembo ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya, kubwa zaidi.

Idadi hiyo mpya Kambere aliifahamu, kwa kuwa kipande chake kilitoka mkononi mwake. Tangu Goma ianguke na ofisi za jimbo zihamie Beni, watu wa Butembo walikuwa na kidonda moyoni. Mji wao ulikuwa mkubwa kuliko Beni, wafanyabiashara wao walileta kontena kutoka mbali, nyumba zao zilipanda ghorofa juu ya ghorofa, na bado kila muhuri wa jimbo uligongwa Beni. Dawa waliyoiona ni hesabu. Vijiji vya pembeni vyenye watu wa kutosha viingizwe mjini, idadi ipande, na mji ukishapanda hivyo hakuna atakayeweza kuunyima maji, umeme wala lami. Kambere, aliyewahi kufundisha shule ya msingi na aliyependa mambo yaliyonyooka, aliamini. Aliona kabisa nguzo za umeme zikishuka kilima cha Kyasimba. Alikubali kuhesabu.

Lakini katika nchi ile huwezi kusimama mbele ya mama ukawanyooshea watoto wake kidole na kusema huyu mmoja, huyu wa pili. Mama atakufukuza, kuhesabu watoto waziwazi ni kuwaitia kifo. Kwa hiyo Kambere alitumia njia ya heshima: katika kila nyumba aliuliza jina la mvulana wa mwisho na la msichana wa mwisho. Wanande hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa pili ni Kambere, wa nne Kakule, wa sita Mbusa. Akitajiwa Mbusa, aliandika wavulana sita na kwenda nyumba ya pili. Kazi ilikwisha haraka na hakuna aliyekwazika.

Kilichomponyoka, na ambacho mtu wa kabila jingine, asiyetegemea majina, asingekikosea, ni kwamba jina halipungui. Kakule hubaki Kakule hata kama wote waliomtangulia wako chini ya migomba, au walivuka mpaka wa Kasindi zamani wasirudi, au walikwenda kulima kakao upande wa Oicha na mapanga yakawakuta huko shambani. Kambere aliwaandika wote kama watu wanaoamka asubuhi na kunywa maji. Aligundua kosa baada ya kupeleka hesabu, alipokuwa akitazama karatasi ya nyumba yao wenyewe na kusoma: wavulana sita. Waliokuwa hai ni yeye na mdogo wake Mbusa, na Mbusa aliishi Beni, ambako nako walikuwa wamemhesabu. Siku hiyo alifikiri kurudi ofisini. Akafikiria nguzo za umeme. Hakurudi.

Éphraïm alimpa pole, akasema mzee alikuwa mtu wa Mungu. Kambere alizungumza akiwa amesimama.

"Monsieur Éphraïm, Kyasimba iko kijiji. Unaijua. Maji hapana, nguzo ya courant hakuna hata moja, mbuzi zinalala mu jiko pamoja na batoto. Acha nizike baba yangu sawa batu ya kijiji banazikaka."

"Kijiji ya batu ngapi?" Éphraïm akauliza.

Kambere alitazama karatasi iliyokuwa ukutani.

"Nombre ya batu ni weye uliileta, shefu. Signature iko yako. Kwa hii nombre muko quartier, mtaa ya mji, na quartier haizike mu kiwanja. Kama siko nakosea, weye mwenyewe ulipeleka bwana ya mama fulani kule makaburi. Kwa yeye ilikuwa mji, kwa weye ni kijiji?"

Hapo Kambere akasema jambo ambalo hakumwambia hata mkewe. Alilisema taratibu na kwa mpangilio, kama anavyoeleza somo: alivyouliza majina, alivyoandika, waliokuwa wamekufa, waliokuwa wameondoka. Alisema Kyasimba haina watu wale. Alisema yuko tayari kuandika barua na kuweka jina lake chini.

Éphraïm alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, bila ubaya, kama mtu aliyepewa kichekesho kizuri saa za kazi.

"Donc benye balikufa beko mule ndani."

"Beko ndani."

"Na unataka nibatoe. Nibapeleke wapi? Hii nombre ilishapanda, shefu. Ilishafika Beni, ilishafika Kinshasa. Niandike nini, Butembo imepunguka? Ba Beni batacheka mpaka Noël. Na weye utafungwa mu cachot ju ya hesabu ya uongo, na baba yako atabaki bila kuzikwa. Lakini ikupendeze, keti kwanza."

Kambere aliketi. Éphraïm alifunga mlango, na sauti yake ikabadilika ikawa ya jirani. Alieleza kwamba njia ipo. Kiwanja kikipimwa kimji, chenye alama zake na karatasi yake, panaweza kutengwa kipande cha kaburi la familia, na karatasi hiyo inatoka kwenye meza ile ile. Pesa hakutaka, pesa zina maneno. Ila yeye naye ni baba wa watoto na hana pahali pa kujenga. Katika shamba la mzee wamkatie kiwanja kimoja tu.

Kambere alifikiria kona ya chini, kando ya kijito, penye mikaratusi na udongo unaonyonya mguu. Hawakuwahi kulima pale. Kwa desturi anayetoa ardhi ndiye anayetembea mbele kuonyesha mpaka, na anayepokea humfuata nyuma bila kusema neno, kwa hiyo hakuona haja ya kutaja kona. Aliuliza tu ni lini watakuja kupima.

"Alhamisi, mbele ya maziko," Éphraïm akasema. "Fasi gani, tutaona pale pale."

*

Mbusa alifika kutoka Beni jioni hiyo kwa pikipiki, mwekundu kwa vumbi toka nyusi hadi viatu. Aliingia uani akitaniwa hata kabla ya kuvua kofia, kwa maana binamu zake walikuwa wakimngoja. Walimuuliza kama kapitale ya jimbo imempa ruhusa ya kutoka. Aliwajibu kwamba Beni wanawasalimu, na kwamba gavana ameuliza kama Butembo wameshapata maji au bado wanakunywa hesabu. Walicheka, wakampa kiti. Kisha aliingia chumbani alikolala baba yake, na alipotoka hakuwa na utani tena.

Ndugu walikaa nyuma ya jiko. Kambere alimwambia kila kitu isipokuwa kicheko cha Éphraïm. Mbusa alisikiliza akikwangua tope kwenye soli kwa kijiti. Yeye alikuwa na shauri moja: vijana wapo, shimo limeanza, wamzike baba yao kesho asubuhi na polisi atakuta udongo umeshasawazishwa. Kambere alimkumbusha yaliyotokea mtaa wa jirani, ambako walizika kwa kiburi, wakaja watu wa komini wakafukua, na jeneza la mama wa watu likakaa kando ya barabara nusu siku nzima huku wanafunzi wakipita kutoka shule.

"Basi tumupeleke makaburi ya mji," Mbusa akasema. "Beni nako banazikaka kule. Batu hawakufa ju ya ile."

"Weye Beni hauna shamba."

"Na weye hautakuwa nayo. Yaya, kaburi njo inalindaka shamba. Weye unatoa shamba ju ya kupata kaburi. Nani alikufundisha ile calcul?"

"Ni pale chini tu, kwa mikaratusi. Maji matupu."

"Aliandika vile?"

Kambere alisema mtu hawezi kupewa ardhi kisha achague mwenyewe. Mbusa alimtazama kama anayetazama mtu aliyevaa shati kinyume na hajui jinsi ya kumwambia.

Rébecca ndiye aliyewakatiza. Alikuwa amekuja kuchukua kuni, au alisema hivyo, na alisimama mlangoni akiwa na vijiti viwili tu mkononi. Hakuuliza walichokuwa wakisema. Alimwelekea Kambere.

"Ulihesabu batoto yangu benye balikufa, ukabaandika sawa bazima. Mama Nadège aliniambia, batu bote banajua: uliuliza majina, haukuuliza nani iko muzima. Sikukuuliza kitu. Nilisema labda anabapenda, hataki basahaulike. Sasa mi nakuomba huyu moja tu. Umulaze karibu na batoto yake. Kama umeshindwa, uniambie leo, ju nijue kama mi pia niko mupangaji."

Kambere aliapa kwamba baba atalala pale. Mbusa alikitupa kijiti chake. Mama yao aliweka vijiti vile viwili juu ya rundo na kurudi kwenye mkeka, na Kambere akatoa simu, akatembea hadi penye mtandao, akamwambia Éphraïm ndiyo.

*

Alhamisi watu walijaa mpaka barabarani. Éphraïm alifika kwa suti nyeusi, na wanaume wawili waliobeba utepe wa kupimia na vigingi vinne vya saruji. Kabla ya lolote alikwenda kwenye beseni la rambirambi, akaweka bahasha mbele ya watu, na mwenye kushika beseni akalitaja jina lake kwa sauti. Wazee walimshukuru kwa Kinande: wasingya, wasingya kutsivu. Rébecca alimshika mikono yote miwili.

Mchungaji aliombwa asubiri, kwa maana karatasi ilipaswa kutangulia udongo. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa. Wanaume sita walilibeba mabegani wakasimama nalo chini ya jua, huku kwaya ikiimba wimbo wa kuaga.

Kambere alianza kushuka kuelekea mikaratusi. Alikwenda hatua kadhaa kabla ya kutambua kwamba hakuna aliyemfuata. Éphraïm alikuwa ametangulia upande mwingine na utepe ulikuwa umeshanyooshwa katikati ya shamba, mahali tambarare, penye migomba iliyonenepa kuliko yote, kati ya nyumba iliyokuwa juu na makaburi yaliyokuwa chini. Kambere alirudi akipanda haraka, akijitahidi asionekane anakimbia.

"Monsieur Éphraïm. Tulisema kule chini."

"Weye ulisema chini mu roho yako. Miye nilisema tutaona." Éphraïm hakuondoa macho kwenye utepe. "Kule chini ni kando ya mto, shefu. Mu mji hawajengake kando ya mto. Ni sheria. Kama Kyasimba ingekuwa kijiji, bon, ningejenga hata mu maji."

"Hapa unatukata katikati."

"Njia itapita kule pembeni, avenue imeshachorwa. Sasa niambie tu. Niweke vigingi, ao niende na karatasi yangu?"

Kwaya ilikuwa imemaliza wimbo na, kwa kuwa hakuna aliyeipa ishara, iliuanza upya. Mmoja wa waliobeba jeneza alibadilisha bega. Jeneza likayumba, mwanamke mmoja akashika mdomo. Mchungaji alimtazama Kambere na kufungua Biblia mahali alipokuwa ameshafungua. Mbusa alikuwa kati ya wabebaji, shavu lake likiwa limegusa ubao. Alimkazia tu kaka yake macho.

Kambere alitikisa kichwa kukubali. Kigingi cha kwanza kilipigwa nyundo. Cha pili. Walifunga kamba kati ya vigingi ili mstari uonekane, na ilipokwisha Éphraïm alitoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa suti, akaigonga muhuri juu ya goti lake, akampa Kambere, akasogea pembeni na kuvua miwani kama mfiwa.

Ili kufika kaburini, jeneza lilipitishwa juu ya kamba mara mbili. Kila mara wabebaji walipunguza mwendo na kuinua miguu, mmoja baada ya mwingine, na waombolezaji waliowafuata walifanya vivyo hivyo, wanawake wakishika vitenge. Rébecca alipofika kwenye kamba alisimama. Aliuliza ni ya nini.

"Ni ya kupima kaburi, mama," Jokébed akamjibu, akamshika kiwiko ili avuke.

Ésaïe alizikwa karibu na watoto wake. Mchungaji alisema amelala katika udongo alioufyeka kwa mikono yake, na watu wakasema amina. Nadège alitupa udongo wake na kupita mbele ya Kambere. Alitazama vigingi, akatazama karatasi mkononi mwake, na akamwambia pole, shefu, kwa sauti ambayo kwa mara ya kwanza tangu msiba wake haikuwa na kitu kingine ndani yake. Kambere angependelea amtukane.

*

Éphraïm hakujenga. Kabla migomba iliyokatwa haijaoza alikiuza kiwanja kwa mfanyabiashara wa mjini, na huyo alikizungushia mbao na mabati na kuweka geti upande wa njia ya pembeni, ambayo ilikuwa bado njia ya mbuzi ikikomea getini, ingawa kwenye karatasi iliitwa avenue. Upande wa chini, makaburi yalibaki nyuma ya mabati, na sasa njia ya kuyaendea ilipita ndani ya kiwanja. Kulikuwa na namna nyingine ya kuyafikia kwa kuzunguka kijito, lakini mvua zilikuwa zimeanza na pale chini mguu wa kijana ulizama hadi gotini.

Komini ilimwandikia Kambere ahesabu upya. Beni nayo, ilisemekana, ilikuwa imepanda, kwa sababu ya watu waliokimbia vijiji vya kaskazini, na Butembo haikutaka kusogelewa. Aliambiwa safari hii aingie kila nyumba na kuangalia kwa macho. Alikwenda. Kazi iliyomchukua asubuhi chache mara ya kwanza ilimchukua majuma, kwa maana akina mama walimfungia milango. Hesabu aliyoipeleka ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya zamani. Karani aliipokea, akaitazama, akamuuliza kama hakuchoka kutembea. Kwenye karatasi kubwa ukutani idadi ya Butembo ilikuwa imefutwa tena na kuandikwa juu zaidi, na aliyeiandika hakuwa amengoja Kyasimba.

Siku aliyorudi kutoka ofisini alimkuta mama yake hayupo jikoni. Jembe dogo pia halikuwepo. Alitoka uani na kumwona upande wa pembeni, amesimama mbele ya geti la mabati, mgongo umepinda kidogo, kitenge cha kanisani kiunoni. Alikuwa amengoja mvua ikatike ili akapalilie kaburi.

"Hodi," Rébecca aliita.

Geti lilifunguka nusu. Mlinzi alikuwa mtu mzima aliyekimbia upande wa Oicha na kupewa kibanda humo ndani pamoja na mkewe na watoto ili kiwanja kisikae kitupu. Alikuwa mgeni Kyasimba wala hakumjua mtu. Aliuliza kwa heshima.

"Mama, unatafuta nani?"

"Natafuta bwana yangu."

Mlinzi aligeuka kutazama nyuma yake, kwenye majani marefu, kisha akamtazama tena yule mama mzee na jembe lake. Alisema anaomba radhi, yeye ni mlinzi tu, hawezi kumwingiza mtu bila ruhusa ya patron, mwenye kiwanja, ila atapiga simu. Amngoje hapo hapo nje.

Rébecca alishukuru. Alilaza jembe chini, akakunja kitenge, akaketi juu ya jiwe kando ya geti. Kutoka uani Kambere alimwona akivuta miguu yake karibu, ili asizuie njia.